Robo Tangi, Kupanda Isyonje

Injini imeshaingia. Hilo lilikuwa rahisi:
mnyororo, miguu mitatu ya mabomba, vijana wanne wa Mwanjelwa
na matusi ya Kinyakyusa ambayo sitayaandika.
Imekaa ndani ya Landrova ya baba,
injini ya Prado iliyogongwa Igawa,
safi, ngeni, kama bwana harusi aliyefika ukweni
chakula hakijaiva.

Sasa ni kuilisha.

Ile ya zamani ilikula polepole.
Pampu ubavuni, na kikombe chake cha kioo,
ilimeza funda kwa funda: paundi tatu, ikashiba.
Ukiona uchafu kwenye kioo, ulifungua,
ukafuta kwa pindo la shati, ukaendelea na safari.
Hii inataka arobaini.
Arobaini bila kupungua, mlimani na bondeni,
na isichokimaliza irudishiwe tangini
kwa bomba la peke yake.
"Inakula na kubakiza," Ambwene akasema.
"Ya mzee wako ilikuwa inalamba sahani."

Yeye alitaka pampu ining'inie nje, kwenye chesesi,
bolti mbili, klipu mbili, saa kumi tumemaliza.
Nikamwambia: Isyonje.
Akanyamaza. Anaijua.

Lami ikiisha, ukungu, pareto huku na huku,
robo tangi,
na mafuta yote yamekimbilia nyuma kama kondoo walioona mbwa,
mdomo wa bomba mbele unanyonya hewa.
Ilituzimikia pale Juni moja, tuna magunia ya viazi.
Baba hakusema kitu. Aliiacha iteleze hadi kwenye upana,
akaigeuza, akatia gia ya nyuma,
akaupanda mlima ule kinyumenyume,
shingo imepinda nje ya dirisha,
nami natembea kandokando, vidole vimekufa ganzi,
nimebeba jiwe la kuwekea tairi.
Nilikuwa na miaka tisa. Kilomita nne.

Kwa hiyo pampu itakaa ndani.
Tulifungua tangi, tukalipima kwa kamba na kwa macho.
Pampu izame, ipozwe na kilekile inachokisukuma,
na pembeni yake kiboksi cha bati, kina vitundu chini,
mafuta yakiingia yasiruhusiwe kukimbia ovyo.

Siku tatu tangi lilijaa maji kabla ya kuchomelewa.
Ambwene ana nyusi moja; ya pili ilibaki Uyole,
kwenye pipa alilodhani limekauka.
"Lililojaa halina neno," anapenda kusema.
"Tupu ndilo huua."

Kwa Kyando, dukani, pampu zilikuwa mbili.
Moja mpya, kwenye boksi linalong'aa,
jina la kampuni lina herufi moja ya ziada.
Nyingine nyeusi, imekunjwa ndani ya gazeti,
imetolewa kwenye gari lililokufa, bei mara mbili.
"Kipya kinyemi," Kyando akacheka,
methali akaiachia hapo.
Nilikuwa na betri ya pikipiki. Nikazigusisha waya,
nukta moja tu kila moja, zisiungue kwa ukavu:
mpya ililia kama mbu sikioni,
nyeusi ikanguruma kwa chini,
kama mtu anayekubali huku anatafuna.
Nikalipa. Iliniuma.

Jana jioni, baridi ya kufanya mafundi wagombanie jiko la mkaa,
niligeuza funguo nusu.
Nyuma, ndani ya bati, sekunde mbili za mngurumo,
kisha kimya.
Si kimya cha kuzimika. Presha imejaa, inangoja.
Stata sikuipiga. Filta haijafika,
na fyuzi aliyoweka Ambwene siiamini.

Alikuwa anasafisha chini ya kiti,
spana za baba, risiti za pareto, jiwe.
Akaliinua juu kwa mkono wenye grisi: "Na hili tulitupe?"

Robo tangi, nikawaza. Tutapanda kwanza na robo tangi.

"Liache," nikasema. "Lirudishe lilipokuwa."