Makazi ya Kawaida

Risiti za Mombasa hazikai.
Unanunua waya Mwembe Tayari mwezi wa kwanza,
mita hamsini, na swichi kumi na mbili,
unakatiwa kikaratasi laini chenye maandishi ya kijivu,
ikifika Juni kimerudi kuwa cheupe
kama hakijawahi kushuhudia biashara.

Zangu nilizitia kwenye mkebe wa biskuti,
mkebe juu ya kabati, kabati chini ya bati,
chumba cha Mikindani, elfu nne na mia tano kwa mwezi, maji mbali.
Joto likazisoma kabla ya serikali.

Bi Swafiya ana miwani mbili, moja kichwani.
Ofisi yake ni meza na feni nyuma ya duka la mabuibui, Makadara.
Alizimwaga risiti mezani, akazima feni zisiruke,
tukatokwa na jasho pamoja, kisheria.

"Hii?"
Glavu.
"Inakatwa. Hii?"
Nauli ya Shimanzi, yangu na ya ngazi;
ngazi nayo ililipiwa kiti.
"Inakatwa. Hii?"
Chai na mahamri mawili.
"Hata kwenu ungekula. Tumbo halisafiri kikazi.
Na hii nyeupe?"
Niliiinua dirishani. Niliijua kwa mkunjo:
drili, ile ya pili,
baada ya ya kwanza kuanguka kutoka ghorofa ya sita kule Nyali.
"Mkunjo si ushahidi, Wakesho."

Akafika kwenye kodi ya chumba.
Kiswahili nacho kina ubahili wake:
kodi ya mwenye nyumba, kodi ya serikali,
neno moja, linakula kwa midomo miwili.
Akabadilisha miwani.

"Unakaa wapi?"
Mikindani.
"Kwenu wapi?"
Mgange, juu kule, Taita.
"Maswali mawili," akasema, "na fomu ina kisanduku kimoja.
Chumba kinakatwa ukiwa safarini.
Ukishakaa sana si safari tena, ni makazi."
"Kukaa sana ni kiasi gani?"
"Wewe umekaa kiasi gani?"

Miaka tisa. Lakini, nikasema, kazi zenyewe ni za miezi miwili, mitatu,
hoteli, ghala, ule msikiti wa Bombolulu niliofunga taa bila faida,
nikimaliza nakwenda.
"Unakwenda Mgange?"
"Nakwenda kazi nyingine."
Aliandika kitu.
Sikupenda alivyokiandika polepole.

"Basi nipe karatasi ya kwenu. Bili. Chochote chenye jina lako."

Nyumba ya Mgange niliitia umeme mwenyewe,
kila soketi, na taa ya barazani
inayowashwa saa kumi, ukungu ukishuka.
Lakini mita ina jina la mama.
Tokeni nanunua mimi, kila Ijumaa,
tarakimu ishirini natuma kwa simu,
mama anazibonyeza kwa kidole kimoja, akizitamka,
na mimi huku nangoja aseme imeingia.
"Huo ni msaada," akasema Bi Swafiya.
"Kusaidia kwenu si kukaa kwenu."

Nikapekua picha kwenye simu.
Ankara za vyumba vya watu. Nyaya za watu.
Kisha ile fomu ya shule aliyonitumia Mkawasi wiki jana,
kwa ajili ya karo, amejaza mwenyewe, herufi zimelala upande:
*Jina la mzazi: Wakesho Mghanga.*
*Makazi ya mzazi: Mombasa.*

Karatasi pekee yenye jina langu
iliyotoka kule.

Niliipitisha upesi. Nikalaza simu kifudifudi.
"Hamna?"
"Hamna."
Elfu nne na mia tano mara kumi na mbili,
hesabu hiyo niliifanya kichwani, bila kukosea.
"Andika Mikindani," nikamwambia.

Aliandika. Akapiga muhuri, akawasha feni.
Zile nyeupe ndizo zilizoruka kwanza.