Herufi Zinazokohoa

Studio ya Mchopa, Mkuti, Masasi, ukishapita mashine ya kusaga.
Kazi yangu ni kupamba maneno chini ya picha:
HONGERA BI HARUSI kwa dhahabu inayometameta,
jina la bwana likiingia kwa sarakasi,
kopa mbili, nyota tatu. Msimu wa korosho,
pesa za mnada zikitoka, hata beberu wa pilau
nimewahi kumwandikia jina kwa moto.

Hii haina mteja.
Dakika sita na sekunde kumi na moja, imerekodiwa kwa simu.
Baba amekaa juu ya gunia, mlangoni, anaongea.
Dada yangu Sijaona hasikii tangu homa ya utotoni
na tangu arobaini ipite amekuwa akinivuta mkono:
alisema nini? Alisema nini pale anapocheka?

Nimefunga mlango. Nimeanza.

Baba anasema "nangu". Naandika "mimi".
Nalitazama. Limekuwa jepesi, kama debe lililomwagwa.
Nafuta, namrudishia "nangu" yake, naiongezea unene,
naiacha ichelewe kuondoka kuliko maneno mengine.

Anaponong'ona habari ya deni la pembejeo
nazishusha herufi, nazififisha, zimkalie karibu na goti.
Anapomkemea kuku, "Toka!" inavimba ghafla,
inagonga ukingo wa kioo, inarudi.
Mvua ilipopiga bati sikujua mvua huandikwaje.
"Mvua" haivumi. Nikaimwaga herufi moja moja
kutoka juu, maelfu, mpaka kompyuta ikagoma
na feni yake ikalia kuliko mvua yenyewe.
Umeme ukakatika. Nikabaki gizani
na baba nusu sentensi.

Kisha kikohozi.
Miaka ishirini na miwili ya kupuliza salfa kwenye mikorosho ya watu,
kitambaa puani, basi.
Nimekipa rangi ileile, manjano ya salfa,
nimekitikisa kila nusu sekunde, nimekipa na vumbi pembeni.
Nilijivunia. Mungu anisamehe,
nilijivunia kikohozi cha baba.

Na mwishoni, anaposema "Mwambieni asiuze shamba la Chiwata",
nikatia ufundi wangu wote:
neno kwa neno likiwaka, kivuli nyuma, ukingo mweupe,
mstari mpana kama pindo la kanga.

Sijaona alikuja Ijumaa na unga wa muhogo kwenye mfuko wa rambo.
Aliangalia amesimama. Kwa kuku alicheka.
Kwa mvua alikinga kiganja.
Kwa kikohozi alishika kifua chake mwenyewe.
Kisha, kwenye shamba la Chiwata, akagonga meza.
Rudisha.
Rudisha tena.
Akaweka kidole kwenye kioo, juu ya herufi zangu zinazowaka,
akazikwangua kwa ukucha
kama mtu anayekwangua ukoko.

Nikazima maandishi.

Chini yake, mapajani, mikono ya baba.
Kidole gumba kinabonyeza kiganja, kiganja kinafunguka:
korosho inabanguliwa.
Ndilo jina lake. Hakuna aliyemwita hivyo ila yeye,
tangu akiwa mtoto wa kukaa kando ya moto
akingojea zile zilizovunjika.
Baba analirudia mara tatu. Mdomo unatuambia sisi shamba,
mikono iko na mwingine.
Miezi minne naitazama picha hii.
Nilikuwa naangalia mdomo.

Sasa maneno ya shamba nimeyapandisha juu,
madogo, meupe, hayawaki.
Chini sijaweka kitu.
Mchopa amepita, akachungulia begani kwangu:
mbona umeacha nafasi tupu hapo,
watu si watadhani imeharibika?
Nimemwambia hapo pameandikwa.