Chupa Tupu

Treni ya polepole, ile isiyodharau kituo,
husimama hata pale anaposhuka mtu mmoja na baiskeli yake.
Naipenda kwa urahisi wa nauli,
maana mfuko wangu una matundu kuliko sarafu.

Kassel nililala kwa Thorben, asomaye habari za mawe.
Kochi lake fupi; miguu yangu ilichungulia ukumbini siku mbili.
Mwenyewe hakuwepo. Ufunguo aliuacha kwa jirani,
na karatasi kwenye mlango wa jokofu:
chupa ya kijani pipa la kijani, ya kahawia la kahawia,
usizitupe usiku, wala Jumapili. Zinalia.
Sikumwona uso. Nilimjua kwa mwandiko
na kwa mkate alioukata vipande viwili,
akaniachia kile kikubwa.

Nordhausen. Sangerhausen, na kilima chake kilichochongoka
ambacho si kilima, ni kifusi cha waliochimba shaba.
Eisleben. Mvua. Kisha Halle,
na Heidrun Matzke jukwaani, miaka sabini na moja,
koti la mvua hadi magotini, tabasamu kaliweka akiba.
Alivitazama viatu vyangu kwanza, halafu mimi.
"Dakika kumi na mbili umechelewa,"
kana kwamba treni niliiendesha mimi.

Kijerumani changu cha darasa la jioni
kilitoka kikichechemea.
Mimi, niliyekulia kwenye ngeli zisizotosha vidole vya mkono,
nikaangushwa na tatu:
kijiko mume, uma mke,
kisu si huyu wala yule.
Alinisahihisha mezani, tonge kwa tonge,
mkate baridi, jibini, tango la siki,
kwani jioni nyumbani kwake jiko hulala mapema.

Asubuhi, chai sijaimaliza,
akanipa jembe.

Nilicheka hadi nikapaliwa. Akauliza kulikoni.
Nikamwambia: kwetu mgeni hula siku mbili,
jembe humngoja ya tatu.
Akafikiri, akifunga kamba za buti.
"Kassel ulikaa siku ngapi?"
Mbili.
"Basi leo ni ya tatu."

Bustani iko nyuma ya reli, vijishamba vilivyopimwa kwa kamba,
kila kimoja na kibanda chake, na kanuni
ya urefu wa ua, na saa ya kunyamaza.
Tulichimba viazi. Mpini ulikuwa umelika
mahali pawili, pakawa laini kama sabuni iliyotumika,
lakini mikono yangu haikupatana napo;
mimi nilishika kwenye mti mkavu, nikatoka malengelenge.
Alikuwa ananitazama.
"Eckehard alikuwa mfupi," akasema.
Akageukia ndoo.
"Na hakuchelewa."

Ni hayo tu niliyoambiwa juu ya Eckehard.
Nililala siku nne katika chumba chenye saa iliyosimama
na blanketi moja zito mno kwa mtu mmoja.

Jumamosi, mlangoni, akanipa fuko lenye kelele.
"Nauli yako."
Kumi na moja za plastiki, senti ishirini na tano kila moja.
Nane za bia, senti nane nane,
vumbi limezikaa mabegani,
nami sikumwona akionja bia hata siku moja.

Mashine ya dukani ilizimeza, ikatema karatasi:
yuro tatu, senti thelathini na moja.
Hazifiki Magdeburg. Sijui kama zinafika popote.
Chupa moja iliikataa, mara tatu ikairudisha,
nembo yake imefifia, haisomeki.
Mlinzi akanionyesha pipa la kahawia.

Iko mkobani. Nimeivika soksi
isilie. Kesho ni Jumapili.