Ukurasa wa 214

Duluth, Februari. Ziwa limeganda hadi upeo wa macho.
Arvid Kolstad anatia sahihi kitabu chake cha tatu:
wapelelezi, risasi, hukumu,
faharasa ndefu kama daftari la mochwari.

Lorene Paquette hataki sahihi.
Amekuja na ukurasa wake,
kidole juu ya mstari mmoja:
marehemu, koti la buluu.

"Lilikuwa la kijani," anasema.
"Nililinunua mimi. Kwa mkopo."

Kolstad, aliyewabana makamishna wakatokwa jasho,
anapapasa mifuko akitafuta kalamu;
kumbe anayo mkononi.
"Toleo lijalo," anaahidi, "nitasahihisha."

Mama hajibu. Analipa bei kamili,
anahesabu chenji mara mbili.
Mlangoni anafungua vifungo,
anakitia kitabu ndani ya koti lake
kisipigwe na theluji.