Sampuli ya Saba

Saa nne usiku Mbarara, umeme umerudi.
Kyomuhangi ameuning'iniza moyo wa panya
kwenye mrija wa kioo. Mdogo kama harage,
nao unadunda, hauna mwili wa kuudundia.

Anafunga koki. Dakika thelathini.
Moyo unageuka rangi ya majivu.
Anafungua, na hapo ndipo penye hatari:
pumzi inayorudi ndiyo inayojeruhi,
kama mwenye nyumba aliyekawia, akaingia kwa kuvunja mlango.

Safari hii ametia maji ya mubirizi,
majani aliyoyachuma nyuma ya jiko kule Rwampara,
yale yale mama aliyatwanga kwa homa,
akayanywa amekunja uso: "Kichungu hakidanganyi."

Mama alianguka katikati ya migomba,
mkono kifuani,
jembe limebaki limesimama udongoni.
Hakuna aliyepima kitu.

Mstari kwenye karatasi unatetemeka, unalala.
Unainuka.
Mioyo sita imezimika wiki hii; huu unakaidi.
Haandiki "dawa". Anaandika: Sampuli ya saba. Bado unadunda.

Kisha anatafuna jani moja lililosalia,
na uso wake unajikunja
vile vile.