Kitabu cha Stoo

Neno vita lisiandikwe, ilisema barua ya Mkoa.
Andika: wageni.
Basi nikaandika, kwa wino wa buluu,
Wageni arobaini na wawili, Kaole, muda haujulikani.

Mimi Mwinshehe Dibwe, karani wa stoo, Bagamoyo,
funguo tatu kiunoni, paka mmoja wa panya.
Dodoma ikaleta karanga. Mwanza ikaleta dagaa,
wakanuka hata hakimu wa jirani akaahirisha kesi.
Bukoba maharage, na kokoto zake.
Tabora asali, madebe manane;
yakafika saba.
Barabara nayo ina ulimi.

Wahenga walisema mgeni siku mbili,
ya tatu mpe jembe.
Sisi ya tatu tuliwapa bunduki,
na jembe pia, maana mihogo nayo ilitaka mtu.
Nikawapimia viatu. Mmoja aliangukiwa na viwili vya kushoto,
akacheka: kwao Mueda njia zote zinakata kushoto.

Masika ya pili, barua nyingine.
Kila wilaya itoe vijana sita, wazima, wanaoona mbali.
Kitabu cha watu hatukuwa nacho.
Nikawaandika humuhumu, ukurasa wa thelathini na moja,
chini ya blanketi, juu ya mafuta ya taa.
Wa nne ni Kondo, wa dada yangu Mwasiti,
kiatu namba tisa.
Mwasiti alikuja na chapati chini ya kawa.
"Nisomee," akasema. Nikasoma: kimetoka.
"Mwanangu kimetoka? Si ametoka?"
Safu ndivyo zilivyochapwa, dada.
Kimetoka. Kimerudi.

Redio ilipotangaza bendera mpya ng'ambo ya Ruvuma
tulipiga ngoma Dunda hadi ngozi zikapasuka.
Nilifurahi. Naapa nilifurahi.
Asubuhi nikafungua mlango nikahesabu:
maturubai kumi na moja, mabovu mawili.
Sufuria zote.
Vijana, wanne.

Akaja mkaguzi, Bwana Rwegoshora, na rula yake,
mstari kwa mstari.
Asali pungufu debe moja: eleza.
Nikaeleza asali ukurasa mzima.
Penye vijana rula ilisimama.
Akavua miwani, akaifuta, akaivaa,
akahamia mafuta ya taa.

Ile ki nimeikwangua kwa wembe, nikaandika a.
Sasa hata maharage ametoka.
Mwasiti hajui kusoma. Kila Idi huja,
nimfungulie ukurasa ule,
akaweka kidole kwenye tisa.