Kaa la Kuazima

Kazi yangu hapa Maseno ni kusugua vioo.
Kipande kina urefu wa kidole cha shahada,
na ndani yake, jicho lisikofika,
mna mifereji miwili iliyochorwa kwa leza,
sambamba, haigusani,
kati yake ukuta mwembamba
kama unywele uliopasuliwa mara tano.

Daktari Obura huwasha taa nyekundu
akautia mwanga mfereji wa kushoto.
Tunazima balbu, tunainamia skrini.
Mwanga unatembea kidogo, unafifia,
na mfereji wa kulia, ambao hatukuupa kitu,
unaanza kung'aa.
Hakuna mlango. Hakuna tundu.
Kufikia sentimita ya pili kushoto ni giza tupu,
kulia kumejaa pomoni;
halafu deni linaanza kulipwa.

"Hivi ndivyo elektroni inavyopenya kizuizi," asema,
"ila elektroni haikubali kutazamwa njiani.
Huu mwanga ni mwigizaji. Mlinganyo ni uleule:
palipoandikwa muda, wewe soma urefu."

Nikarudi kwenye jiwe langu la kusugulia
na neno hilo kinywani kama kokwa.
Kumbe unga mweupe ninaoufuta kwa kitambaa
kila nikisawazisha ukingo
ni muda.
Kesho ya mwanga iko upande wa kulia, umbali wa ukucha.
Jana yake ipo palepale, haijaenda popote;
ukiitaka, sogeza jicho.

Nimesogeza jicho.

Kwa bibi yangu Ayuma, upande wa Bunyore,
palikuwa na ua wa minyaa, na ng'ambo ya ua
nyumba ya Min Ajwang', Mjaluo.
Alfajiri, yule ambaye moto wake ulilala
alipokezwa kaa juu ya kigae, katikati ya minyaa,
pasipo lango.
Utomvu wa minyaa hupofusha; mikono yao iliijua njia.
Bibi aliomba kwa Kijaluo kibovu,
akajibiwa kwa Kinyore kibovu zaidi,
kicheko tu ndicho kilichokuwa sahihi.
Leo huku, kesho kule.
Sikuwahi kujua moto ule ulikuwa wa nani.

Jumanne hii Obura ameleta kioo kingine:
mifereji arobaini, nafasi kati yake sawasawa,
lakini upana wa kila mmoja umepotoshwa makusudi,
huu kidogo zaidi, ule kidogo pungufu,
hakuna ndugu wawili.
Akawasha. Nikangoja mwanga utawanyike.
Haukutawanyika.
Ulikaa pale ulipotiwa, umejikunyata,
sentimita saba nzima,
majirani wote gizani.
"Kuta hazijanenepa," akasema. "Ni vurugu tu.
Vurugu ikiingia, wimbi hukosa pa kwenda."

Kwake ni neno la kazi, kama bisibisi.
Kwangu lina Januari ndani yake.
Ua wetu haukuongezwa hata mnyaa mmoja.
Bibi alikaa siku nne kando ya mafiga yaliyokufa,
akitumegea kiporo cha ugali kilichokauka,
na ng'ambo, moshi wa Min Ajwang' ulipanda wima
kama kitu kilichokatazwa kupinda.

Sikumwambia Obura.
Alitaka kioo kipunguzwe milimita mbili,
nikapunguza milimita mbili.
Tulipowasha tena, mwanga ulikuwa umekwama vilevile.
Vurugu haikai ukingoni, haisuguliki.

Lakini mwezi wa Machi, mwaka uleule,
niliamka nikakuta uji unachemka.
Kigae kilikuwa juu ya figa, kina majivu mapya,
na mkono wa bibi una lengelenge la utomvu.
Nani alianza? Nimewauliza wote wawili,
kila mmoja peke yake, kwa lugha yake.
Bibi anasema ni yule.
Yule anasema ni bibi.